Uzamili wa usanifu majengo ukiwa kazini Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni vijana waliomaliza shahada ya kwanza na kupata kazi huku kusini. Wengine wako ofisi binafsi za usanifu, wengine halmashauri, wachache kwa wakandarasi. Majibu ni ya mtu anayefanya kazi hii Mtwara, kwa hiyo mahali pengine nina upande, na sijauficha.

Inawezekana kweli kusoma bila kuacha kazi, nikiwa huku?

Inawezekana, ila si kwa namna anayofanya mwenzako aliye Dar es Salaam. Yeye anatoka ofisini jioni, anapanda daladala, anashuka Survey na kuingia Chuo Kikuu Ardhi. Wewe una zaidi ya kilomita 500 za Barabara ya Kilwa kabla hujaona ubao. Mtwara wapo STEMMUCO, chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, na mikoa yote miwili ina vituo vya Chuo Kikuu Huria na vyuo vya VETA vinavyofundisha uashi na useremala, lakini studio ya usanifu majengo haipo Mtwara wala Lindi.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia Dar kwa kipindi cha masomo ya darasani, kisha kurudi kusini na kuandika tasnifu ukiwa kazini. Ya pili ni kutafuta programu inayofundisha kwa vipindi vifupi vilivyobanwa, au kwa mtandao. Mimi naipendelea ya kwanza. Usanifu ni fani ya kubandika michoro ukutani na kusikiliza wenzako wakiichambua, na uchambuzi wa kwenye skrini humwacha mtu na nusu ya alichostahili kuambiwa.

Iko pia njia ya tatu ambayo watu huijaribu kimyakimya: kusajiliwa masomo ya kutwa na kuendelea kupokea mshahara Mtwara, ukitumaini mahudhurio hayataangaliwa. Yataangaliwa.

Bodi inadai uzamili ili nisajiliwe?

Haidai. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, inafanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Kinachokufungulia mlango kwake ni shahada ya kwanza ya usanifu majengo inayotambulika, mafunzo ya vitendo chini ya msanifu aliyesajiliwa, na mitihani yake. Uzamili hauruki hatua hata moja kati ya hizo.

Mkanganyiko unaletwa na kurasa za vyuo vya Uingereza. Kule shahada ya kwanza ni miaka mitatu na peke yake haitoshi, kwa hiyo kwa kawaida mtu hufanya kazi kwa muda, anarudi chuoni miaka miwili ya uzamili, ndipo aende kwenye mtihani wa mwisho wa kitaaluma. Kwao uzamili ni sehemu ya njia ya kuwa msanifu, na ndiyo maana wamejenga mifumo ya kusoma ukiwa ofisini. Tangu 2018 wana hata uanagenzi wa ngazi ya shahada ambapo mwanafunzi yuko kazini takriban siku nne na chuoni siku moja, mwajiri akichangia. Ni mfumo mzuri. Sisi hatunao, na anayesubiri uje atasubiri sana.

Ushauri wangu, na najua wako wanaoupinga: kama hujasajiliwa, maliza usajili kwanza. Ofisi za huku ni ndogo, na mtu mwenye mhuri wa msanifu aliyesajiliwa ana sauti zaidi ya kuomba ruhusa kuliko asiyekuwa nao.

Itanila saa ngapi kwa wiki?

Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada ya uzamili ni krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maktaba, studio, kuandika. Hiyo ni saa 1,800. Ukizitawanya kwa miaka miwili unapata kama 18 kila wiki, na kwa miaka mitatu 12. Siku ya kazi ina saa nane, kwa hiyo saa 18 ni zaidi ya siku mbili nzima juu ya wiki yako ya sasa. Mke, mume, mama, wote waione hesabu hiyo kabla hujalipa ada ya maombi.

Halafu wiki za huku hazilingani, na hapa watu wa kusini wana tatizo lao ambalo mwongozo wa chuo haulijui. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba. Mkulima wa Tandahimba akishalipwa, wazo la nyumba alilokuwa nalo tangu mwaka juzi linaamka, na analitaka kwenye karatasi wiki hiyohiyo ili msingi uchimbwe kabla mvua za Desemba hazijakolea. Ofisi inajaa. Simu ya bosi hainyamazi. Na wewe ndio kwanza unapewa orodha ya kusoma ya muhula wa kwanza.

Ukiweza kuchagua, hama kwenda Dar kwa muhula huo, usijidanganye kwamba utaushika kwa mikono miwili. Kazi nzito ya tasnifu ipangie Machi hadi Septemba. Mwanzo mvua bado ipo na saiti nyingi zimelala, baadaye kusi inavuma na ofisi ina utulivu wake.

Nichague mada gani?

Hili watu huliuliza mwisho, baada ya chuo, ada na ruhusa. Ningeliweka la kwanza, kwa sababu mada ndiyo inayoamua kama utamaliza. Tasnifu isiyogusa kazi yako ya kila siku inadai mtu wa pili ambaye huna. Tasnifu inayotokana na kitu unachokutana nacho saiti inaandikwa hata siku ambayo hujafungua kompyuta.

Chukua Mikindani. Nyumba za zamani pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, baraza mbele, nyingine zina ghorofa na roshani ya mbao. Nyingi zimekarabatiwa kwa plasta ya saruji. Pita baada ya masika ukaitazame hiyo plasta kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Imevimba. Ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu, na ukiinua kipande kwa ncha ya funguo kinatoka kizima, nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi, na jiwe lililokuwa gumu limeanza kuwa mchanga.

Sababu inaeleweka. Matumbawe yana vinyweleo, yanavuta maji kutoka ardhini na chumvi ndani yake. Plasta ya chokaa inaruhusu unyevu huo kutoka na kukauka hewani. Saruji inauziba, kwa hiyo unyevu unabaki ukutani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Fundi anaambiwa plasta imekuwa dhaifu, anaongeza saruji, na ukuta unazidi kuharibika. Bibi mmoja mwenye nyumba kule alinisimamisha barazani kwake. “Mwanangu, wewe si mtu wa ramani? Kila mwaka napiga plasta, kila mwaka inaniangukia. Baba yangu alikuwa anapaka chokaa tu, Ramadhani ikikaribia, na nyumba ikasimama.” Swali la utafiti lilikuwa limeshaulizwa pale, tena vizuri kuliko wengi wanavyoliandika kwenye pendekezo.

Ukilifuata swali hilo linakupeleka mbali. Saruji imejaa kila duka, na tangu kiwanda cha Dangote kianze uzalishaji Mtwara mwaka 2015 haitoki hata mbali. Chokaa iliyolowekwa ikaiva vizuri ndiyo ya kutafuta. Zamani ilichomwa kwa matumbawe ya hapahapa, na kurudi huko ni kubomoa bahari ili kujenga nchi kavu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kulinda matumbawe hayohayo. Kwa hiyo chokaa itoke wapi? Ichanganywe vipi? Fundi gani bado anajua kuiloweka? Mwenye nyumba ataimudu? Hapo una tasnifu, una ofisi inayopata utaalamu ambao hakuna mwingine mtaani anao, na una mteja wa kwanza anayekusubiri barazani.

Mada nyingine ziko hivyohivyo, mlangoni. Nyumba za bati zisizo na dari na joto la kaskazi: dirisha likae upande gani, upenu utoke kiasi gani. Uvunaji wa maji ya mvua juu ya Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ya ardhini yako mbali sana chini na paa ndilo chanzo kilicho karibu. Maghala ya korosho yanayokaa matupu miezi mingi ya mwaka. Kilwa Kivinje na majumba yake yanayoanguka moja baada ya jingine huku familia zikigombea urithi, ambako tatizo la jengo ni la sheria kuliko la ukuta.

Mada za “miji endelevu ya kesho barani Afrika” waachie watu wenye muda.

Naweza kutumia miradi ya ofisi kama sehemu ya tasnifu?

Kwa ruhusa, ndiyo. Michoro uliyoichora ukiwa umeajiriwa usiihesabu kuwa yako kwa sababu tu mkono ni wako. Soma mkataba wako wa kazi, na kama hausemi kitu, chukulia ni ya ofisi. Mteja naye ana haki yake: ramani ya nyumba ya mtu inaonyesha anapolala na mlango wa nyuma uko wapi. Omba ruhusa mbili za maandishi, ya bosi na ya mteja, na uondoe jina na namba ya kiwanja.

Kwenye tasnifu sema wazi kipi ulifanya wewe na kipi kilifanywa na timu. Watahini ni watu wa fani. Wanajua mtu wa mwaka wa pili kazini hasanifu hospitali peke yake.

Bosi nimwambieje?

Mwambie mapema, mwambie ana kwa ana, halafu peleka barua. Kosa linaloua mazungumzo haya ni kuanza na unachokitaka. Anza na kazi zake. Kitu kama hiki:

“Mzee, naomba dakika chache. Nimepata nafasi ya uzamili Ardhi kuanzia Oktoba. Ule mradi wa shule tunaochora, nitakuwa nimekabidhi michoro yake yote ya utekelezaji kabla ya hapo. Kwa miezi ya darasani naomba likizo bila malipo, ila nitaendelea kusahihisha michoro jioni kwa makubaliano. Nikirudi, tasnifu yangu ni juu ya ukarabati wa nyumba za Mikindani, na ofisi itaitumia.”

Atanyamaza. Mwache anyamaze. Wengi hawakatai masomo, wanaogopa kwamba wanamsomesha mtu atakayehamia Dar. Kama uko tayari kuahidi kurudi na kufanya kazi kwa muda fulani, liseme mwenyewe kabla hajaliomba. Kama huko tayari, usiliseme.

Makubaliano yaandikwe: siku za kazi, mshahara wa kipindi hicho, bima ya afya, nani analipa nini, na mradi upi utaachwa mikononi mwa nani. Kupeana mkono hakutoshi. Nimeona ofisi moja, siitaji, ikimkubalia kijana kwa mdomo na kumwita saiti katikati ya wiki ya mitihani, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Inakuwaje?

Kwako ni taratibu za utumishi wa umma. Uwe umeshathibitishwa kazini, uwe umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na upate kibali cha maandishi cha Mkurugenzi kabla ya kuondoka. Pitia kwa mkuu wa idara yako, kisha Ofisa Utumishi. Anayeondoka bila kibali anahesabika mtoro hata kama ana barua ya chuo mkononi. Barua ipeleke mapema kuliko unavyodhani inatosha, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Gharama zikoje, mbali na ada?

Ada iangalie kwenye tovuti ya chuo kwa mwaka husika, maana hubadilika, na uliza kama inalipwa kwa awamu. Kinachowaangusha watu wa kusini ni vitu vidogo: chumba Dar huku bado unalipa kodi Mtwara, nauli za basi, kuchapisha michoro ya A1 kila wasilisho, chakula cha kununua. Piga hesabu ya kila kimoja kwa mwezi.

Basi ni safari ya siku nzima. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023 unaweza kulala njiani, lakini usipange wasilisho asubuhi ya kushuka. Na msimu wa mvua weka siku ya akiba. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii wilayani Kilwa, na watu walikwama pande zote mbili.

Umeme na intaneti vinatosha?

Mjini Mtwara na Lindi, kwa kusoma na kwa vikao vya mtandaoni, vinatosha kwa shida ndogo. Kupakia faili zito la Revit, programu ya kuchorea majengo, usiku wa kuamkia siku ya mwisho ni jambo jingine. Nunua laini mbili za kampuni tofauti, punguza faili kuwa PDF, pakia siku moja kabla. Nakala za kazi zikae sehemu mbili, moja nje ya nyumba yako. Hewa ya chumvi ya huku inaua diski na kompyuta, na haitoi taarifa.

Nataka kufanyia utafiti Kilwa Kisiwani. Naenda tu?

Hapana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa 2014 baada ya kazi ya kuyaimarisha. Kupima, kuchukua sampuli hata ya kipande cha chokaa, kunahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale, si mazungumzo na mlinzi. Kwa utafiti wa kawaida mikoani, beba barua ya chuo hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo utaelekezwa wilayani, kwenye kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Usiruke huyo wa mwisho, hata kama una mihuri yote ya juu yake.

Ukifika, nenda Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, ukiwa na muda. Ni bwawa la kuogelea na nyua za jumba la sultani juu ya genge la bahari, na ukisimama pale upepo unakupata ulipo. Hakuna somo la uingizaji hewa lililo bora kusini kote.

Msimamizi yuko Dar, nawasiliana naye vipi?

Kwa ratiba. Mtumie kitu kila wiki mbili, hata kurasa tatu, kikiwa na maswali mawili mahususi juu yake. Barua pepe isemayo “naomba uniangalizie sura ya pili, Daktari” itakaa. Isemayo “Daktari, shikamoo. Ukurasa wa 14, vipimo vya unyevu vya ukuta wa kaskazini na wa kusini vinapingana, je, nipime tena?” itajibiwa. Kila unapokwenda Dar kwa shughuli ya ofisi, mwone ana kwa ana, na mambo yaliyobishaniwa kwenye barua nne yataisha kwa nusu saa.

Shahada ya nje kwa mtandao itakubalika?

Kabla hujalipa, uliza TCU kuhusu utambuzi wa tuzo hiyo, kisha uliza Bodi kama unakusudia kuitumia huko. Kwa mpangilio huo.

Itaniongezea mshahara?

Ofisi binafsi za huku, si lazima. Mteja wa nyumba ya vyumba vitatu hakuulizi. Inasaidia kwenye zabuni za ushauri ambapo wasifu wa wataalamu hupewa alama, na ukitaka kufundisha chuo kikuu ni ya lazima. Kama lengo ni kufundisha, itazame pia GPA ya shahada yako ya kwanza, maana vyuo vya umma huiwekea kiwango cha chini na uzamili haurekebishi hiyo.

Nina mtoto mchanga. Nisubiri?

Subiri kipindi cha darasani, usisubiri mada. Anza kupima kuta, kupiga picha na kuandika daftari la saiti sasa. Hayo yanafanyika ukiwa na mtoto mgongoni.

Na nikikwama katikati?

Andika barua ya kuahirisha masomo kabla hujapotea, si baada. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha kwa sababu za kazi, ugonjwa au fedha, na vyote vina ukomo wa muda wa kumaliza uzamili, ambao unausoma kwenye kanuni za chuo chako siku ya kujisajili. Mwambie msimamizi, mwambie bosi, na dai risiti ya kila ulicholipa. Ukirudi, anza na ofisi ya usajili kabla ya studio, maana jina lisilo kwenye mfumo halina msimamizi.